Kimono Niliyomshonea Baba Mukwe

Ninyi vijana wa siku hizi munanunua kimono kwa macho. Munasimama sokoni mbele ya rundo la mitumba, munaona nguo nyeupe yenye maandishi ya Kijapani mgongoni, basi, mumeshalipa. Jioni munakuja kwangu: "Bibi, punguza mikono. Bibi, suruali inanibana. Bibi, kola inanikata shingo." Hiyo si kununua, hiyo ni kuokota. Shati la misa linataka usimame vizuri. Kimono inataka uanguke vizuri. Kaeni hapo barazani, musiguse mkasi wangu, niwaambie.

Nimeshona maisha yangu yote hapa Baraka, mji wetu wa kando ya ziwa, mpaka macho yamekataa kuingiza uzi kwenye sindano. Nimeshona gauni za ubatizo, kanzu za Idi, kaputula za shule, mapazia ya watu waliojidai kuwa na madirisha. Hakuna nguo iliyonitoa jasho kama kimono ya judo. Na moja kati ya hizo ilibaki kidogo sana iniharibie ndoa, nami hata sijaolewa bado.

Aliyenifundisha kazi ni Mama Zaina, mjane wa Kiungwana, wale Waislamu wa mjini, aliyekuwa na mashini ya mkono kwenye barza ya nyumba yake, kwenye njia inayoteremka ziwani. Mume wake ndiye aliyekuwa fundi. Alipokufa, ndugu zake walikuja kuichukua mashini, na Mama Zaina akaikalia. Nasema aliikalia kweli, kwa makalio yake. Alikula palepale, akapokea rambirambi palepale, mpaka wale ndugu wakachoka wakarudi zao Mboko. Ulimi wake ulikuwa mkali kuliko mkasi wake, na mkasi wake ulikuwa unakata turubai.

Wakati ule Wabelgiji walikuwa bado hapa. Akarudi Baraka mwanaume mmoja aliyekuwa serja, yaani sajini, jeshini. Jina lake sitalitaja. Sijalisahau. Alikuwa baba yake Wilondja, na Wilondja alikuwa amenichumbia, na kwetu mwanamke hataji jina la baba mukwe wake. Amekufa zamani, mimi mwenyewe natembelea fimbo, na bado silitaji. Tutamwita Serja na mutaridhika.

Tena si jina peke yake. Nikikutana naye njiani, naingia majanini mpaka apite. Sili mbele yake. Sisemi naye uso kwa uso. Nikiwa na neno, linapitia kwa mtu mwingine. Nguo yake aliyoivaa siigusi. Na kama siku moja nitauona utupu wake, hata kwa bahati mbaya, hata upepo ukiwa ndio wenye makosa, basi posa imekufa, vitu vinarudishwa, kila mtu anarudi kwao. Ninyi munacheka. Sisi hatukucheka.

Huyo Serja alikuwa amejifunza judo kambini kwa ofisa mmoja wa Kizungu, akarudi na kiu ya kuwafundisha vijana. Akakusanya wavuvi wa Lweba, watu wenye mikono migumu kwa kuvuta nyavu, wakatandaza majani makavu ufukoni, juu yake turubai ya kamyo, lori la mizigo, wakaanza kutupana. Mwanzoni walitupana na kaputula zao za kila siku. Haikuchukua muda mrefu, Baraka nzima ikawa inajua nani ana kovu wapi. Ndipo Serja akatuma neno kwa Mama Zaina: vijana washonewe kimono.

Mama Zaina alikuwa hajawahi kuiona kimono. Mimi pia. Tulielezwa: nyeupe, pana, haina kifungo, inafungwa kwa mukanda. Mama Zaina akafikiri kidogo akasema, "Hiyo ni pijama."

Basi tukashona pijama. Tulinunua amerikani, ile pamba nyeupe ya dukani, tukaikata siku hiyohiyo, tukashona, vijana wakavaa, wakapendeza. Asubuhi ya kwanza walipotoka wote pamoja kuelekea ziwani, weupe watupu, bamama wa kanisa la Waprotestanti walikuwa ufukoni wakichagua ndakala, dagaa wetu. Wakadhani ni ubatizo ambao hawakutangaziwa. Wakaweka chini vikapu, wakaanza wimbo. Waliimba vizuri sana, beti baada ya beti, mpaka walipomwona mchungaji amemkamata muumini kola na kumpiga chini, puu! Mama mmoja akawaeleza wenzake, "Huyu amekataa kuacha zambi."

Jioni vijana wakafua nguo zao, wakaanika kwenye mawe. Kesho yake walipovaa, mikono ilikuwa imepanda viwikoni na suruali imepanda magotini. Wanaume wazima, wenye ndevu, wamesimama mbele ya barza yetu wamevaa nguo za watoto wao. Mama Zaina aliwaangalia juu mpaka chini, akasema, "Mumekula nini jana?"

Kwa hiyo shikeni hili: kitambaa cha pamba kinafuliwa kabla hakijakatwa. Tangu siku ile tulikuwa tunalifunga gora zima kwa kamba, tunalizamisha ziwani pembeni ya mawe, tunaliacha linywe maji mpaka lishibe, tunalianika, halafu tunarudia tena. Amerikani ikishamaliza kurudi nyuma yote iliyoitaka, ndipo unaweka mkasi. Na wewe unayenunua ya dukani, uliza kwanza kama imekwisha kufuliwa. Kama haijafuliwa, chukua kubwa kidogo. Kubwa kidogo, nimesema. Si ile ya kuingia wewe na shemeji yako.

Mikono iishie juu kidogo ya kifundo cha mkono. Ikifika vidoleni, adui anakuvuta nayo na wewe mwenyewe unaikanyaga ukiinama. Suruali iishie juu kidogo ya kifundo cha mguu. Upande wa kushoto ulale juu ya upande wa kulia. Ukigeuza, wazee watasema umevaa kama maiti, na wazee wa judo wana maneno mengi. Ukiijaribu, usisimame mbele ya kioo. Chuchumaa. Inua mikono. Tupa mguu. Mwambie mwenzako akuvute kola mpaka useme basi. Nguo ikilalamika popote, iache hapohapo dukani.

Na mfuko haupo. Hili nalisema kwa uchungu. Kijana mmoja wa Lweba alinisumbua siku nyingi: "Dada Nyota, uniwekee mufuko. Kamoja tu. Kadogo, ndani." Nikamwekea, maana alikuwa mpole. Kumbe anaweka humo tumbako yake pamoja na ndoana. Siku moja mwenzake akamshika kifuani amtupe, akapiga kelele ambayo ilisikika mpaka kwenye mitumbwi. Alikuwa amenaswa kidole. Tukamleta barazani akiwa bado ameunganishwa na yule mwenye mfuko, wakitembea kwa kukumbatiana, na Mama Zaina akakata mfuko kwanza, kidole baadaye. Namaanisha alikata ndoana kwa koleo. Kidole alikiacha.

Sasa tuje kwenye kimono yenyewe ya Serja.

Alikuwa na ya kwake aliyotoka nayo kambini, nene, imeshonwa kama godoro. Lakini mama mukwe wangu aliona ndani ya sanduku gunia kuukuu lenye mikono, akalikata nepi za mtoto wake wa mwisho. Serja alipouliza kimono iko wapi, ilikuwa imeanikwa nyuma ya nyumba, vipande vipande.

Akaendelea kufundisha kwa kaputula ya kaki. Halafu ikaja habari: siku ya sikukuu, watu wa judo kutoka Uvira watateremka kwa kamyo, Bwana Administrata, Mzungu wa serikali, atatoka Fizi, uwanja wa mpira utajaa, na Serja mwenyewe atapambana na mkubwa wa Uvira. Sasa, mwalimu hawezi kuingia uwanjani na kaputula wakati wanafunzi wake wana kimono. Ikabidi ashonewe. Na mashini ya kushona kitu kama hicho ilikuwa moja, na siku hizo macho ya Mama Zaina yalikuwa yameanza kuchoka, kwa hiyo aliyekuwa anakata na kushona ni mimi.

Nguo mpya ambayo hajaivaa ningeweza kuigusa. Lakini nitampimaje mtu ambaye siwezi hata kumwangalia magoti?

Tukamtuma Wilondja ampime baba yake kwa kamba. Ndivyo tulivyokuwa tunafanya kwa watu wa mbali: kila kipimo kifundo chake. Wilondja akarudi na kamba yake, anajivuna. Bega, hili hapa. Mkono, huu. Kiuno. Urefu wa mguu.

"Na hapa?" nikamuuliza. Nilimwonyesha kwenye suruali iliyotundikwa ukutani, pale miguu miwili inapokutana.

Wilondja akaangalia ziwa. "Pale sikupima."

"Juu ya nini?"

"Nyota, ile ni baba yangu. Kamba mi nitaipitisha wapi?"

Nikamgeukia Mama Zaina. "Aka!" akasema kabla sijafungua mdomo. "Mi niko mujane. Nishike kamba mu mapaja ya bwana ya mutu? Mbele bugali ya mangaribi haijaiva, Baraka yote itakuwa imeshaniozesha."

Tukatuma neno kwamba basi Serja ajipime mwenyewe. Jibu likarudi siku hiyohiyo. Jibu lilikuwa: "Kawaida."

Kawaida! Ninyi munaosoma shule, kawaida ni sentimetri ngapi? Kwenye suruali ya ofisi, ukikosea pale, mtu atakaa vibaya kwenye kiti, atakutukana kidogo, yatakwisha. Kwenye judo mtu anashuka chini kwa mapaja, anatanua miguu, anazungusha kiuno, anamweka mwenzake mgongoni. Kama pale pamekosewa, panapasuka. Na kama panapasuka uwanjani, mbele ya Baraka yote, mimi mukwe wake nimekaa mstari wa mbele, hapo hakuna tena posa. Nilimpenda Wilondja. Nawaambia wazi, maana hata yeye nilimwambia: nilimpenda mpaka nilikuwa nashona pindo mara mbili mahali pamoja bila kujua. Usiku nilikuwa naiota ile suruali.

Sasa, Serja alikuwa na desturi yake. Akimaliza mazoezi anakaa mchangani karibu na maji, ananyoosha miguu, anaitanua upana wote, anainama mbele mpaka paji la uso linagusa chini. Anakaa hivyo kwa raha zake, halafu anaenda kuoga. Na mchanga wa pale ni mbichi, unashika alama vizuri sana.

Mumeshaelewa nilichofanya.

Nilijificha nyuma ya mtumbwi uliopinduliwa, uso nimeuelekeza milimani ili nisione kitu. Niliposikia ameondoka, nikatoka na utepe wangu wa kupimia. Alama ilikuwa nzuri ajabu. Visigino viwili, mapaja mawili, na makalio mawili yamekaa kwa heshima. Nikapiga magoti, nikaanza kupima: kutoka kisigino mpaka katikati, kutoka paja mpaka paja, nikawa nahesabu kwa sauti ili nisisahau. Furaha niliyokuwa nayo! Niliona nimewashinda wote akili.

"We Nyota. Unapima nini mu muchanga?"

Nikainua kichwa. Shangazi Byaombe, na kikapu chake cha samaki wa mikeke. Huyu alikuwa dada yake Serja, na tangu siku ya kwanza alikuwa amesema msichana anayeshona suruali za wanaume hafai kuingia nyumba ya kaka yake. Alikuwa anatafuta kosa langu kama mtu anayetafuta chawa.

"Napima... kimono, shangazi."

Akaangalia utepe. Akaangalia mchanga. Akazunguka upande wa pili, akauangalia tena. Anamjua kaka yake, alikua naye. "Hii makalio ni ya nani?"

Nikaficha utepe nyuma ya mgongo.

"Yooo!" akapiga kelele, kikapu chini, mikeke chini, mikono kichwani. "Batu ya Baraka, mukuye muone! Mutoto wa mutu iko anapima utupu ya mukwe wake na metre!"

Mama yangu we. Watu walikuja mpaka wale waliokuwa na nyavu majini. Wakaizunguka ile alama wakaanza kuijadili. Mzee mmoja akauliza kama mchanga ulikuwa mbichi ama mkavu, kana kwamba inaleta tofauti. Mwingine akasema alama ya mtu si mtu. Akajibiwa, basi kanyaga alama ya mguu wa mama mukwe wako tuone. Katekista akaombwa aseme neno, akasema anakwenda kufundisha, na wala hakukuwa na mafundisho siku hiyo. Mwishowe wimbi likaja likaifuta alama, na ndipo Shangazi Byaombe akasema ziwa lenyewe limeona haya.

Wazee wa pande zote mbili wakakaa. Wakaamua hivi: juu ya alama, kuna mashaka, tutakaa tena baada ya sikukuu. Lakini ikitokea neno lingine, hata dogo, kikao hakitakuwepo. Posa inarudi. Na Shangazi Byaombe akajitolea kukaa karibu yangu uwanjani, ili awe shahidi.

Wilondja alikuja jioni, akasimama nje ya barza. "Nyota, shona vizuri," akasema. Sauti yake haikuwa na mzaha, na yeye alikuwa mtu wa mzaha.

Nikalia juu ya mashini. Mama Zaina aliniacha nilie kidogo, halafu akasema, "Umemaliza? Machozi inaotesha sindano kutu. Lete kitambaa."

Akanifundisha kitu ambacho nimekishona mpaka leo. Suruali ya kawaida ina vipande vinavyokutana pale katikati kwenye mshono mmoja, msalaba. Msalaba huo ndio unaopasuka. Mama Zaina akakata kipande cha pembe nne, kama kiganja kilichofunguka, akakiweka pale katikati, kona moja mbele, moja nyuma, moja kwa kila mguu. Mume wake alikuwa anafanya hivyo kwenye suruali pana za wazee wa Kiungwana waliokuwa wanapanda punda. Mtu akitanua miguu, mshono hauvutwi, kipande kinafunguka. Tukakifanya maradufu. Tukashona kwa uzi wa wavu, ule wa wavuvi, kwa mkono, mshono juu ya mshono, mpaka kidole changu cha kati kikawa na tundu. Magotini tukaweka tabaka mbili. Kola tukaijaza mikunjo ya amerikani, ngumu lakini inakunjika. Ninyi munaotaka kimono ya raha, musianze na kola wala maandishi ya mgongoni. Igeuzeni suruali ndani nje muangalie pale katikati. Kama hakuna kipande, kuna msalaba, na msalaba huo ni wako.

Ilipokwisha, niliikunja, nikampa Wilondja ampelekee mama yake. Nikapumua.

Nilisahau kitu kimoja. Nilisahau kwamba mama mukwe wangu ni mwanamke wa Baraka.

Munajua bamama wetu na nguo nyeupe. Nguo nyeupe haitoki nyumbani bila amido. Unakamua maji ya mihogo, unaacha wanga utulie, unaupika uji, unaizamisha nguo, unaianika, unapiga pasi ya makaa mpaka nguo inasimama peke yake. Mume akitoka na shati lililolegea, watu wanauliza kama mke wake anaumwa. Na huyu mama alikuwa na deni la zile nepi rohoni. Akasema moyoni, safari hii bwana yangu atang'aa. Sijui alipika sufuria ngapi za amido. Alipika.

Siku ya sikukuu uwanja ulijaa mpaka milingoti. Walikuja watu wa Lubondja na mizigo yao ya mihogo, walikuja wachungaji wa ng'ombe kutoka milimani na fimbo zao ndefu, Bwana Administrata alikaa chini ya turubai na kofia yake. Mimi nilikaa mstari wa mbele na Mama Zaina. Ubavuni kwangu Shangazi Byaombe, ameniangalia mimi, kisogo kwa uwanja.

Akatoka mkubwa wa Uvira, mtu mnene, mchangamfu. Halafu akatoka Serja.

Alikuwa anang'aa, hilo siwezi kukataa. Lakini mikono yake haikuweza kulala ubavuni. Ilikuwa imesimama pembeni. Suruali ilikuwa na mistari ya pasi mbele na nyuma, na kila hatua ilikuwa inalia, kwa-kwa, kwa-kwa. Alitembea kama mlango uliojitoa kwenye bawaba. Mama Zaina akanishika mkono. "Bameipiga amido," akanong'ona. "Nyota, bameipiga amido kimono!"

Nguo iliyokauka hivyo haifunguki, inavunjika. Kile kipande changu pale katikati, kimekuwa kama kipande cha ubao.

Wakainamiana. Kuinama tu kwa Serja kulisikika mpaka chini ya turubai ya Administrata. Wakashikana kola. Serja akatanua miguu, akashuka chini kwa mapaja, na nikasikia:

"KRAAA!"

Mtu wa kazi yangu anaijua sauti ya kitambaa kinachopasuka hata akiwa usingizini. Sikungoja. Niligeuka hapohapo nilipokaa, mgongo kwa uwanja, macho nimeyafumba, mikono juu ya macho. Nyuma yangu uwanja wote ukapiga kelele: "Yooooo!" Halafu kicheko. Kicheko ambacho sijakisikia tena, watu wanaangukiana, wachungaji wanapiga fimbo chini. Nikajua imekwisha. Nikamwona Wilondja ameoa mwingine, mwenye kushona mapazia tu.

"Mama Zaina," nikasema, "imepasuka?"

Alikuwa anacheka hawezi kupumua.

"Mama Zaina, utupu iko inje?"

"Bana... bana..." akawa anajipiga mapaja. "Banagandana!"

Kumbe ndivyo ilivyokuwa. Ile sauti ilikuwa amido inavunjika, si kitambaa. Halafu jasho likaja. Jua la saa sita, wanaume wawili wanavutana, na amido ikishika jasho inarudi kuwa uji. Yule wa Uvira alitaka kuachia kola abadilishe mkono, kola ikamkatalia. Serja akamzungusha kiunoni, akamtupa vizuri kabisa, na badala ya kubaki amesimama akaenda naye, maana walikuwa kitu kimoja. Wakaviringika kwenye turubai, na majani makavu yakashikamana nao, na walipoinuka hukuweza kujua Uvira ni nani na Baraka ni nani. Ilibidi vijana wa Lweba wawamwagie ndoo ya maji ili waachane. Wakapeana mikono kwa tahadhari, na mwamuzi akainua mkono wa Serja.

Yote hayo nilisimuliwa. Mimi niliangalia milima tu, mpaka mwisho, hata baada ya watu kuanza kutawanyika. Sikuthubutu kugeuka.

Nikasikia hatua nyuma yangu. Kwa-kwa, ila sasa chepechepe. Zikasimama.

"Byaombe," ikasema sauti ya Serja. "Wewe njo shahidi. Sema."

Shangazi Byaombe akakohoa. Akakohoa tena. Nilisikia anavyoteseka. "Mi nilikuwa namuangalia yeye tu," akasema. "Mwanzo mpaka mwisho. Aligeuka mbele ya batu bote. Hakuona kitu." Halafu akaongeza kwa hasira, "Hata mi sikuona kitu! Bananiambia umemutupa ule mutu, mi sikuona!"

Watu wakaanza kucheka upya. Serja hakucheka. "Wilondja, kuya hapa katikati," akasema. "Umuulize mukwe wangu: juu ya nini aligeuka?"

Wilondja akaja akasimama kati yetu. Mimi mgongo, baba yake nyuma yangu, tungeweza kugusana. "Nyota, baba anauliza juu ya nini uligeuka."

"Umuambie baba, nilisikia sauti. Nilizani nguo imepasuka."

"Baba, anasema alizani nguo imepasuka."

"Umuambie haikupasuka. Hata uzi moja."

"Nyota, haikupasuka. Hata uzi moja."

Machozi yalikuwa yananitoka, lakini kazi ni kazi. Fundi ana swali moja ambalo lazima aulize. "Umuulize baba," nikasema, "pale katikati... inamubana?"

Wilondja akamgeukia baba yake, akauliza.

Nikasikia kwa-kwa, kwa-kwa ya chepechepe. Mama Zaina aliniambia baadaye kwamba mzee mzima, mbele ya Administrata na watu wa Uvira, alikuwa anachuchumaa na kuinuka, anatanua mguu huu na ule, anaijaribu kwa makini ili asidanganye.

"Umuambie haibane," akasema. "Umuambie, jeshi yote niliyotumika, hakuna nguo ilinikaa hivi. Umuambie mama yako asiguse tena na amido. Na kikao ya wazee, umuambie mi sioni kazi yake. Posa iko pale iko."

Wilondja alirudia yote, neno kwa neno.

Serja akaanza kuondoka. Halafu akasimama, akasema kwa sauti ya chini, si ile ya uwanjani:

"Na umuambie aksanti, binti yangu."

Wilondja akafungua mdomo arudie. Nikamwambia aache tu, nilikuwa nimesikia.